Mstari wa Zambarau Kifuani kwa Mama

Ko, ko, ko, ku. Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, ikatembea polepole kutoka dirishani kuelekea mlangoni, ikanyamaza, ikarudi nyuma hatua mbili, ikagonga tena palepale: ku. Ilikuwa asubuhi yetu ya kwanza katika shule ya wauguzi mjini Kitale. Tulikuwa wasichana ishirini na watatu, sare mpya zikituwasha shingoni, pumzi zikitoka kama moshi kwa baridi, na sote tulidhani ni seremala anayetafuta mchwa. Kisha mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, kidole cha kugongea bado kimekunjwa.

"Huu ukuta una nguzo saba," alisema bila salamu. "Ya tano imeoza ndani. Nimeijua bila kung'oa ubao hata mmoja. Leo mnaanza kujifunza kuwafanyia watu hivyo hivyo."

Hadi leo, nikikaa kuandika ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote, huo ndio ukuta ninaoutafuta, na hicho ndicho kidole ninachotamani kuwa nacho.

Tulimwita Mwalimu. Walimu wengine walikuwa na majina, yeye hakuhitaji. Ukisema Mwalimu kaja, hakuna aliyeuliza yupi. Na ninaandika habari zake kwa sababu kuna wiki moja ambayo mama yangu alikuwa amekwisha kuagana na cherehani yake, nao watu walikuwa wakipasha moto spoku ya baiskeli wapate kumchoma nayo kifuani, na Mwalimu akaja akasimama katikati. Lakini nikianzia hapo hutaelewa ni kitu gani kile alichokifanya. Lazima kwanza umwone na mbavu zake.

Ijumaa mchana alitupeleka bucha. Nyuma ya soko la Kitale palikuwa na mtu mnene, mcheshi, aliyemwekea Mwalimu upande mzima wa mbavu za ng'ombe juu ya gogo, nasi tukalizunguka kama waumini.

"Mwalimu," yule wa bucha aliuliza kila wiki, "hii nyama unanunua ama unasomesha?"

"Yote mawili. Wewe unakata mbavu miaka yote hii na hujui jina la kitu unachokata."

"Si ni mbavu tu, bana!"

"Shika kisu, nikuonyeshe."

Akatuonyesha. Kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu, upande wa ndani, upo mtaro mwembamba ambao mtu anaweza kula nyama maisha yake yote asiuone. Ndani ya mtaro huo wamelala watatu, kama ndugu kwenye mkeka mmoja: vena juu, ateri katikati, neva chini. Neva ni nyeupe, laini, kama uzi uliochemshwa. Aliinua ncha yake kwa sindano, akatuangalia kana kwamba ametoa mkufu wa dhahabu kwenye tope. "Huyu ndiye mwenye nyumba," alisema. "Ndiyo maana ukitaka kutoa maji kifuani mwa mgonjwa, sindano ipite juu ya ubavu. Ukipita chini yake, umemchoma mwenye nyumba kitandani."

Kufika mwaka wetu wa pili, yule wa bucha alikuwa akikata nyama huku akipaza sauti, "Vena! Ateri! Neva!" na wateja wakidhani imeletwa nyama ya aina mpya. Somo likiisha, Mwalimu aliichoma ile nyama kwenye jiko la nyuma, akaila kwa vidole, ubavu kwa ubavu, akiuacha mfupa mweupe kabisa. Sikuwahi kumwona mtu akikipenda kitu kwa akili na kwa tumbo kwa wakati mmoja namna ile.

Darasani hakupenda picha za vitabuni. Alitaka tujitumie wenyewe. "Jikumbatieni," aliamuru, nasi tukajikumbatia, viganja mbavuni. "Vuteni pumzi. Mnaona? Ubavu ni mkono wa ndoo. Unalala, unainuka, unalala. Nani anauinua? Misuli ya katikati. Nani anaiambia iinuke? Neva. Usiku kucha umelala fofofo, yeye yuko kazini, hajakuomba hata asante." Kisha alipita nyuma yetu na kidole chake kikavu akatutekenya kati ya ubavu wa saba na wa nane, tukaruka tukipiga kelele, naye akisema kwa uso usiocheka: "Na hiyo ndiyo kazi yake ya pili. Kuleta habari."

Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila mwaka. Zamani, kwenye zahanati karibu na Moi's Bridge, mtoto wa wakulima wa mahindi aliletwa akilia tumbo. Wakampa dawa ya minyoo. Akarudishwa, tumbo bado. Wakampa dawa nyingine. Mara ya tatu Mwalimu alikuwa zamu. Akaliacha tumbo, akagonga mgongo wa mtoto, chini kulia: ku. Mapafu yalikuwa yamejaa. "Neva za mbavu za chini haziishii kifuani," alituambia, "zinashuka mpaka tumboni. Mtoto hakudanganya. Nyumba ilikuwa inaungua juu, moshi ukatokea chini."

Na mpaka. Alipenda sana mpaka. Alikuwa binti wa nchi ya mashamba yaliyopimwa na kugawanywa, na alituchorea ngozi ya kifua kama mashamba hayo, kila neva na ploti yake. Ya nne inalima kwenye chuchu. Ya kumi inalima kitovu. Na kutoka kishimo cha koo hadi chini, ua: mstari wa katikati. Za kushoto hukaa kushoto, za kulia hukaa kulia. "Mstari wa katikati hauna huruma," alisema, na mimi nilikuja kuyajua maneno hayo kwa uchungu, kwa sababu siku moja nilichora mtu wangu mstari ukiwa umepinda upana wa ukucha.

"Nekesa," alisema akiinua karatasi darasa zima lione, "huyu umemkata mapande mawili yasiyolingana. Sasa nani atabaki na moyo?"

Nilirudia mchoro ule mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Ya kumi ilikuwa sawa, naapa, lakini alisema rula yangu ilikuwa imetetemeka.

Mtu huyu aliyegusa mbavu za kila mtu hakukubali kuguswa. Kanisani, watu walipopeana mikono ya amani, alishika Biblia kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Siku tulipomaliza mtihani, msichana mmoja wa Lwakhakha, mwenye furaha nyingi kuliko akili, alimkimbilia kumkumbatia. Mwalimu alirudi nyuma kama aliyemwagiwa chai ya moto. "Mimi nahesabu," alisema, "sihesabiwi." Tulicheka, lakini baadaye, bwenini, hatukucheka. Aliogopa pia bata mzinga. Mauti hakuyaogopa, damu hakuiogopa, daktari mkuu hakumwogopa. Ila bata mzinga akivimba mbele yake, aliganda barabarani mpaka mtu aje amfukuze.

Sasa ile wiki.

Ujumbe ulinifikia Kitale kwa mdomo wa binamu: mama anaumwa, njoo. Nilikwenda kuomba ruhusa. Mwalimu alikuwa akisahihisha.

"Ugonjwa gani?"

"Mkanda wa jeshi."

Kalamu ikasimama. "Upande gani?"

"Kushoto."

"Umefika wapi?"

"Unaelekea mbele, kwenye kidari. Senge anaupima kila asubuhi."

Senge ni shangazi yangu, dada yake baba, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo nyumbani kwetu Bumula.

"Anaupima na nini?"

"Na tepu ya mama ya kushonea."

Mwalimu alifunga daftari, akachukua mkoba wake, akachukua chupa ya dawa ya zambarau ya kupaka vidonda kutoka kabatini. "Twende," alisema, kama mtu aliyeitwa kwenye harusi.

Pengine kuna asiyejua tulivyokuwa tukiamini. Mkanda wa jeshi ni vipele vya maji vinavyoanzia mgongoni na kuzunguka kifua upande mmoja, vikiwaka kama makaa, kama mkanda wa askari. Kwetu ilijulikana kwamba una kichwa na mkia, na kwamba kichwa kinautafuta mkia. Siku vikikutana, mtu huyo amekufa. Kwa hiyo watu walipima kila siku nafasi iliyobaki kati ya kichwa na mkia. Na pale Bumula palikuwa na fundi wa baiskeli aliyejulikana kwa kazi ya pili: alitia spoku motoni na kuchora nayo mstari wa kidonda mbele ya kichwa cha mkanda, kufunga njia. Nilikuwa nimewahi kumwona mtu aliyefungwa njia. Mkanda ulikuwa umepona. Kile kidonda ndicho kilichokuwa kikioza.

Tena ilikuwa miaka ile ambayo mtu akitokwa na mkanda, majirani walishusha sauti na kusema ni ule ugonjwa. Wateja wa mama walikuwa wameacha kuleta vitambaa. Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha nyuma ya mlango, leso imelegezwa mabegani, hajala siku mbili. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Alikwisha kusema ni nani atakayeichukua.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na bata mzinga wetu, uani, amevimba. Nilimwona Mwalimu akiganda. Nikafungua mdomo nimfukuze, naye akafumba macho, akakumbatia mkoba, akapita. Alipita! Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lenyewe ni zito.

"Karibu, mwarimu," Senge alisema. "Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kumpima."

"Sisi tumeshapima. Juzi inchi ishirini na moja. Jana ishirini. Leo kumi na tisa na nusu. Ati unataka hesabu gani ingine? Kesho fundi anakuja kufunga njia, tumemaliza maneno."

"Na ninyi mnasema ni ule ugonjwa?"

"Si sisi. Ni soko ndio inasema."

"Hilo tutauliza damu, hatutauliza soko. Leo tunaongea habari ya njia." Akachuchumaa mbele ya mama, nikamwona mama akishangaa, kwa kuwa wageni wote wa siku zile walikaa karibu na mlango. "Mama Nekesa, ukikata blauzi, mbele yake unakata kitambaa kimoja?"

Mama aliitazama cherehani iliyofunikwa. "Yenye vifungo? Nakata vipande viwili."

"Kisha?"

"Vinakutana katikati."

"Uzi wa kipande cha kushoto unaenda kulia?"

"Utaendaje? Si nitakuwa nimeharibu nguo ya mtu."

"Basi aliyekukata wewe alikata hivyo hivyo." Mama akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Ulipokuwa mtoto uliugua tetekuwanga. Ukapona, lakini kijidudu chake hakikutoka. Kililala kwenye shina la neva moja, hapa mgongoni. Sasa kimeamka. Kinatembea kwenye mtaro wa ubavu mmoja, kushoto, mpaka unapoishia. Hakina barabara ingine. Hakitafuti mkia wowote. Mkia ni pale kilipotokea tu."

"Maneno mazuri," Senge alisema. "Marehemu wa kule ng'ambo ya mto pia aliambiwa maneno mazuri."

Mwalimu alifungua chupa, akachovya kijiti chenye pamba, akaweka mkono wa kushoto chini ya koo la mama, akavuta mstari mmoja, wima, wa zambarau, kutoka kishimo cha koo hadi kitovuni. Hakutumia rula. Aliuvuta polepole, na mama alikuwa akiutazama ukishuka.

"Kitafika hapa," Mwalimu alisema. "Hakitavuka. Nipeni siku nne. Kikivuka mstari huu, hiyo spoku nitaishika mimi mwenyewe."

Fundi wa baiskeli, aliyekuwa amekuja kuchungulia kazi yake ya kesho, ameegemea dirisha kwa nje akisikiliza, akauliza, "Na kisipovuka?"

"Utanifundisha kuendesha baiskeli."

Watu wakacheka, hata Senge kidogo, na kicheko kile ndicho kilichotupatia zile siku. "Siku nne," Senge alisema akinyoosha vidole. "Ya tano ni yangu."

Sijawahi kuishi siku ndefu na tamu na za kutisha kama zile. Mwalimu alilala kwetu. Asubuhi ya kwanza kichwa cha mkanda kilikuwa vidole viwili kutoka kwenye mstari. Ya pili, kidole na kitu. Mama aliomba uji. Ya tatu kulitokea kishada kipya, chekundu, karibu mno, na Senge aliita majirani waje waone; walijaa mlangoni, kila mmoja na hesabu yake. Mwalimu aliketi akinywa chai, na mimi peke yangu niliona kwamba kikombe kilikuwa kitupu kitambo. Siku ya nne vilitokea vipele viwili vya mwisho. Vilisimama kando ya mstari wa zambarau, na kati yavyo na mstari ungeweza kuingiza punje moja ya wimbi. Nilivitazama mpaka macho yakatoa machozi. Havikusogea.

Siku ya tano Senge alikuja na fundi, na fundi alikuja na spoku yake. Senge alimvua mama leso begani, akainama, akatazama. Akaweka tepu. Akapima tena. Vile vipele viwili vilikuwa vimeanza kukauka, vimenyauka kama maharage juani.

"Imesimama," Senge alisema.

Majirani wakasogea waone wenyewe.

"Nasema imesimama, nyinyi watu! Imeogopa rangi!" Akaenda kwenye cherehani, akavuta kile kitambaa kilichoifunika, akakikung'uta nje mlangoni hadi bata mzinga akakimbia. Majirani wakapiga vigelegele. Mama aliomba ugali na kuku, tena akataja ni kuku yupi. Hata baadaye damu yake ilipopimwa Bungoma na kukutwa haina neno, hatukushangilia kama siku ile.

Fundi alitimiza ahadi. Kwa muda wa saa nzima Bumula ilimwona Mwalimu juu ya baiskeli, miguu imetanuka, hashikwi na mtu, akianguka, akipanda, akihesabu mbavu zake mwenyewe kwa sauti kila alipoanguka.

Miaka ilipita. Niliuacha uuguzi, nikashika kalamu, jambo ambalo Mwalimu aliliita kwa barua ya mstari mmoja "kugonga kuta za watu wasiokuita." Nilikuwa nimekuja Bumula kumsomea mama sura za kitabu changu, mama yuko kwenye cherehani, mchana wa upepo mwingi, tuliposikia mlangoni: ko, ko, ko.

Alikuwa amepungua. Kola ilimkaa mbali na shingo. Alikuwa amestaafu, alisema, na anahamia Lwakhakha kwa dada yake. Anataka gauni moja zuri, afike kama mtu. Mama alisimama na tepu, kisha akasita, kwa sababu nilikwisha kumweleza habari za kutoguswa. Mwalimu aliinua mikono yake yote miwili juu, kama ndege anayekausha mabawa.

"Pima," alisema.

Mama akampitishia tepu kifuani, chini ya kwapa, juu ya mbavu zile. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine akimhesabu.

"Mama Nekesa," Mwalimu alisema akitazama ukutani, "nina neno ambalo sitaki kwenda nalo Lwakhakha. Ule mstari haukuwa katikati."

Tepu haikusogea.

"Niliuvuta upana wa kidole, kulia. Ncha za neva hugusana pale katikati, kama matawi ya ua la majirani. Kipele kimoja au viwili vingeweza kupenya. Kwa ugonjwa si kitu, ni bure kabisa. Lakini ungewaambiaje wale watu? Wangeona kimevuka. Na spoku ilikuwa tayari."

"Mara kumi na moja, Mwalimu!" nilipaza sauti. Sikuweza kujizuia. "Ulinirudisha mara kumi na moja!"

"Yako ilikuwa karatasi," alisema. "Karatasi haichomwi kifua."

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Mwalimu, mimi nakata vifua vya watu tangu nikiwa msichana. Hiyo dawa iliponigusa tu, nilijua umepinda."

"Ulijua?"

"Si ndiyo kazi yangu, katikati? Na vile vipele viwili vilipita katikati ya kweli. Vyote viwili. Nilivitazama nikiwa peke yangu, nikaogopa mpaka mikono ikalala. Halafu nikasema, huyu mama ni mkali hivi, na amepindisha mstari kwa sababu yangu mimi, mtu hata hanijui. Basi wacha nipone. Nikanyamaza."

Mwalimu alimtazama. Kisha kitu kikaanza mbavuni mwake, chini, nikakiona kikipanda chini ya tepu, ubavu baada ya ubavu, mikono ya ndoo ikiinuka yote pamoja, na akacheka, kicheko ambacho hatukuwahi kukisikia Kitale, kikubwa, cha kupasua. Na mama akacheka, bado amemzungushia tepu, hata sikujua tena kama anampima au amemkumbatia.

"Thelathini na mbili," mama alisema mwishowe, akijipangusa macho. "Itakuwa tayari Alhamisi."

Mwalimu aliweka miwani sawa, akachukua mkoba, akachungulia uani kama kuna bata mzinga.

"Gauni liwe na mshono mbele?" mama aliuliza. "Niuweke katikati?"

Mwalimu alikuwa tayari kizingitini, upepo ukimvuta nguo. Aligonga mwimo wa mlango mara moja, akasikiliza, akaridhika.

"Upana wa kidole," alisema. "Kulia."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.